Wafiwa, Watu Kumi na Mmoja

Barua pepe ya benki iliingia Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa nahangaika na karatasi iliyonasa kwenye printa. Ilikuwa fupi. Mtu mmoja mwenye kadi ya benki ya Kanada alikuwa ameieleza benki yake kwamba hayatambui malipo yaliyofanyika Tabora wiki saba nyuma. Fedha zilikuwa zimeshatolewa kwenye akaunti yetu. Tukitaka kupinga, tulikuwa na siku kumi na nne za kupeleka vielelezo: risiti iliyotiwa sahihi, fomu ya mgeni, nakala ya kitambulisho, na uthibitisho kwamba mwenye kadi aliridhia.

Tarehe niliitambua kabla sijafungua faili. Ilikuwa asubuhi ile ya wafiwa.

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache mapokezi, katika hoteli ya vyumba ishirini na viwili pale mjini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi na tabia ya kuuliza kila kitu. Kwa nini chai ya wageni inatiwa sukari kabla hawajaulizwa? Kwa nini mapazia ya ghorofa ya juu hufuliwa Ijumaa tu? Kwa nini hatupokei kadi? Maswali mawili ya kwanza hakuna aliyejisumbua kuyajibu. La tatu lilimfikia mwenye hoteli, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Tabora, na baba yake pia alizaliwa Tabora, anayesema Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Sote tulimwita Bosi.

Nilimweleza kwamba wageni wanaoifuata njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, hulala kwetu usiku mmoja na wote huuliza kama tunapokea kadi. Tukisema hapana, wanahesabu noti zao kwa mashaka, wanaagiza mayai tu na kuondoka mapema.

"Babu yangu aliuza vitambaa hapa kwa neno la mdomo," Bosi alisema. "Wewe unataka nimwamini mtu kwa kipande cha plastiki."

"Hakuwahi kudhulumiwa?"

"Kila mwaka."

"Sasa?"

"Sasa alikuwa anaijua nyumba ya aliyemdhulumu."

Lakini mashine ililetwa. Nilipelekwa benki kwa mafunzo ya nusu siku, nikarudi na kuandika kanuni tano kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya kaunta mahali ambapo mgeni haoni. Kanuni ya tatu ilisema: kadi isipokuwepo mbele yako, usipokee malipo. Afisa wa benki alikuwa ametueleza kwa nini. Mgeni akichomeka kadi na kuingiza namba yake ya siri, baadaye akakana, mzigo si wetu. Ukichukua namba za kadi kwa simu au picha ukazibonyeza kwa mkono, mwenye kadi akakana, hasara yote ni ya hoteli. Kukana huko wanakuita chajibeki. Benki humrudishia mwenye kadi kwanza, maswali huja baadaye. Nilimwuliza afisa kwa nini anayetuhumiwa ndiye anayeanza kuadhibiwa. Alicheka akasema, "Dada, kanuni hii si mimi niliyeitunga."

Mwalimu wangu wa kazi yenyewe alikuwa mtu ambaye sote tulimwita Mama. Alikuwa mapokezi pale kwa miaka kumi na tisa, mama wa Nzega, mnene kidogo, magoti yanamsumbua, ana wajukuu wawili anaowasomesha. Alinifundisha kumtambua mgeni atakayeondoka na taulo na mgeni aliyegombana na mwenzake njiani. Kanuni zangu za kaunta alizisoma zote tano, akasema, "Nzuri. Sasa omba Mungu zikutane na watu wenye raha."

Wale wafiwa walifika jioni, watu kumi na mmoja. Baba yao alikuwa amefariki katika hospitali ya mjini, na wao walikuwa wakisubiri taratibu zikamilike wamchukue kwenda kumzika Ulyankulu. Ni familia ya wakulima, ya wale ambao wazazi wao walitoka Burundi. Wengine walikuwa wametoka Kigoma, wengine Dar es Salaam, na binti mkubwa alikuwa ameshuka kwenye ndege siku hiyo hiyo akitokea Kanada, bado amevaa koti la baridi juu ya kanga.

Kitabu cha wageni kina safu za kutosha: jina, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho, sahihi. Mama alikichukua, akawatazama wale watu waliokaa kwenye makochi bila kusema, akaandika mstari mmoja. Nilikwenda kusoma wakiwa wameshapanda vyumbani. Penye jina: Wafiwa, watu 11. Penye anakotoka: mbali. Penye anakokwenda: kuzika.

"Mama, sheria inataka majina yao."

"Na sheria ikifiwa nitaiandika hivyo hivyo."

"Hata kitambulisho kimoja?"

"Wewe mtoto, umwambie mtu aliyetoka mochwari sasa hivi atafute kitambulisho kwenye mkoba? Atafute chini ya sanda?"

Nilifikiri kwamba yeye hafuati utaratibu na mimi naufuata. Nalikumbuka wazo hilo vizuri kwa sababu lilidumu siku mbili tu.

Asubuhi ya kuondoka, gari lenye jeneza lilikuwa mlangoni, injini inaunguruma, wanawake wameshaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mama alikuwa nje akiwapa maji ya chupa. Binti mkubwa alikuja kaunta peke yake. Kadi yake, alisema, ilimezwa na mashine ya kutolea fedha uwanja wa ndege. Alinyoosha simu. Kulikuwa na picha ya kadi nyingine, mbele na nyuma.

"Ya mume wangu. Ameniambia niitumie."

Niliitazama kanuni ya tatu. Ilikuwa pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kisha nikamtazama yeye: macho yamevimba, mkono bado umenyoosha simu. Nikabonyeza namba zote kumi na sita kwa mkono. Mashine ikafikiri, ikatoa risiti. Nilimpa atie sahihi nakala yetu, lakini mtu aliita kutoka nje na yeye akazikunja zote mbili, yake na yetu, akazitia mkobani. Ningeweza kumwita. Nilichapisha nakala nyingine baada ya gari kuondoka, ikabaki bila sahihi.

Kwa hiyo Jumanne ile, wiki saba baadaye, nilijua tulichokuwa nacho: karatasi isiyo na sahihi, na mstari mmoja wa Mama.

Bosi alikuja saa sita. Aliisoma barua mara moja tu, akaomba kitabu cha wageni, si faili la risiti. Alipofika kwenye ule mstari aliuwekea kidole. Akamwita Mama.

"Mama, hawa ni akina nani?"

"Wafiwa, Bosi."

"Naona. Hawana majina?"

"Wanayo. Sikuwauliza."

"Miaka kumi na tisa, Mama!"

"Na wewe ulipofiwa na mama yako, Bosi, nani alikuuliza kitambulisho?"

Bosi alikifunga kitabu. Kiasi kile hakikuwa cha kuifilisi hoteli. Kilikuwa kama mshahara wa mwezi wa sisi watatu wa mapokezi. Lakini benki ilikuwa imeongeza mstari wa mwisho kwamba jambo hilo likijirudia, mkataba wa mashine utaangaliwa upya, na yeye alikuwa amekopa benki hiyo hiyo ili akarabati ghorofa ya juu. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilihitaji mtu. Alisema bila kupandisha sauti kwamba fedha zisiporudi, mwisho wa mwezi Mama atapumzika.

Kisha akanigeukia. "Wewe msomi, tafuta njia."

Faili la risiti lilikuwa mkononi mwangu. Kwenye ile nakala, chini ya tarehe, mashine ilikuwa imechapa kwa herufi ndogo kwamba namba ziliingizwa kwa mkono. Hata kama Mama angeandika majina kumi na moja kwa wino wa dhahabu, mstari ule mdogo ungetosha kutuangusha. Nilijua. Nilisema, "Sawa, Bosi."

Nilijiambia kwamba nikipata ushahidi, swali la nani alibonyeza nini halitakuwa na maana tena. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba, nami nilikuwa mtu wa kwanza kwetu Ziba kuwa na mkataba wowote. Usiku nilikuwa nahesabu siku zilizobaki. Mchana nilimpigia afisa wa benki, nikamwuliza kama mfano tu, je, kama kadi haikuwepo? "Kwa kweli hapo ni pagumu, dada," alisema. Niliitoa simu sikioni haraka, kana kwamba Mama angeweza kumsikia kutoka upande wa pili wa kaunta. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, akanipa nusu ya chapati yake. Nilishindwa kuila na nilishindwa kuikataa.

Namba ya simu ya hapa nchini aliyoniachia yule binti asubuhi ile ilikuwa haipatikani. Siku ya tisa nikaomba ruhusa, nikapata nafasi mbele kwenye lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua tumbaku, nikaenda Ulyankulu kuitafuta familia ambayo sikujua jina lake. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno. Unaanzaje? Poleni kwa msiba, je, mnaweza kuthibitisha kwamba mlilala?

Haikuwa vigumu kuwapata. Nilipouliza nyumba ya mzee aliyefia Tabora akaletwa na binti wa Kanada, dereva wa bodaboda alinifikisha bila swali la pili. Aliyenipokea alikuwa mdogo wa marehemu, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile. Nilimpa shikamoo na rambirambi niliyokuwa nimeifunga kwenye bahasha. Akanikalisha. Akaamuru chakula. Nilikula ndizi na maharage, nikaulizwa habari za hoteli, za Mama, "yule mama aliyetupa maji", za barabara. Saa nzima ilipita na sikuwa nimesema kilichonileta. Hatimaye nilikisema chote kwa mkupuo, nikitazama sahani.

Mzee aliiondoa sahani mbele yangu. Kisha akauliza taratibu, "Yaani mume wa binti yetu anasema sisi hatukulala?"

"Hajasema hivyo, mzee. Benki yake ndiyo—"

"Benki ililala wapi siku hiyo?"

Akasimama akaita watu. Sikuwa nimeomba hilo, lakini dakika chache baadaye watu saba kati ya wale kumi na mmoja walikuwa uani, wengine na majembe mkononi, wakitoa ushahidi kwa zamu huku mimi nikiandika.

"Mimi nililala chumba cha chini, cha pembeni," alisema shangazi mmoja. "Maji ya bafuni yakaniunguza mgongo. Andika na hilo."

"Shangazi, benki haihitaji mgongo."

"Andika! Mtu ambaye hakulala angeujuaje moto wa maji yenu?"

Kijana mmoja alisema yeye alikula kuku mara mbili, na kama mkwe wao anataka, atamrudishia mara moja. Walicheka, kicheko cha kwanza tangu nifike, kisha wakanyamaza kwa pamoja kama waliokumbuka. Waliandika majina, wawili wakaweka dole gumba. Niliona tayari kwamba hayo hayatoshi. Karatasi ile ilithibitisha kwamba watu walilala. Haikuthibitisha kwamba mwenye kadi aliridhia, na yeye alikuwa mtu mmoja tu, Kanada.

Mzee akachukua simu yake. Ilikuwa saa tisa alasiri kwetu, asubuhi kwao. Binti alipokea kwenye mlio wa pili, na mzee akaweka sauti kubwa ili uani kote wasikie. Hakuzunguka kama mimi.

"Mwanangu, mumeo amedai arudishiwe hela ya hoteli?"

"Hela gani, baba mdogo?"

Mzee alieleza. Wakati huo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimebeba ugomvi wa nyumba ya mtu kutoka kaunta yangu, nikauleta uani kwa ndugu zake, wakausikiliza wote. Nilitamani sana kukata simu ya watu.

"Ngojeni," binti alisema. "Yupo hapa jikoni."

Tulisikia sauti mbili zikiongea kwa Kiingereza, ya mwanaume ikijitetea. Kisha akarudi.

"Anasema hakuona hoteli yoyote. Aliona duka la vipuri vya trekta."

Uani walitazamana. "Trekta la nani?" shangazi aliuliza.

Nilifungua faili. Juu kabisa ya risiti, kwa herufi kubwa kuliko zote, palikuwa na jina ambalo nilikuwa nimelipitisha kwa macho kila siku kwa karibu mwaka: si la hoteli, ni la duka la Bosi la vipuri lililoko karibu na soko. Bosi hakutaka kuisajili hoteli upya benki wakati duka lilikuwa na leseni na akaunti ya miaka mingi, hivyo mashine aliiombea kwa jina la duka. Mimi ninayeuliza kuhusu sukari kwenye chai, hilo sikuliuliza.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" binti alikuwa akimwambia mumewe, safari hii kwa Kiswahili, bila shaka amesahau kwamba tunasikia. Mume akajibu kitu kifupi. Sauti ya binti ilishuka aliporudi kwetu.

"Anasema ilikuwa wiki ya pili tangu tumzike baba. Alidhani kadi imeibwa huko huko msibani, au labda kuna ndugu amenunua vipuri. Hakutaka kuniuliza habari za hela nikiwa nalia. Akaona aulize benki."

Mzee alivua kofia akajikuna kichwa. "Ana adabu," alisema, kama mtu asiyependa kulikubali.

Binti aliahidi kwamba mumewe angeandika barua kwa benki yake siku hiyo hiyo, na nakala kwetu. Alinipigia baadaye, mimi tu. Aliniomba radhi. Sikujua nipokee vipi radhi ambayo ilikuwa yangu kuiomba.

Siku ya kumi, asubuhi, nilikwenda ofisini kwa Bosi dukani, katikati ya mabomba na mikanda ya mashine. Nilimpa barua ya yule mume, iliyokuwa imeshafika, na karatasi ya majina saba. Kisha nikamwonyesha kichwa cha risiti. Alikitazama, akaitazama rafu iliyokuwa nyuma yangu.

"Kwa hiyo nimewauzia wafiwa trekta," alisema.

"Vipuri tu, Bosi."

Hakucheka. Nami nikasema kwa sababu nilijua kwamba nikitoka mlangoni sitasema tena: "Na namba za kadi nilizibonyeza mimi. Kadi haikuwepo. Mama alikuwa nje."

Alivua miwani. "Unalijua hili tangu lini?"

"Tangu siku yenyewe."

"Unaniambia leo kwa sababu umenikuta na mimi nina kosa. Jina lingekuwa sawa, ungesema?"

Nilitaka kujibu ndiyo. Nilitafuta ndani yangu mahali ambapo ile ndiyo ingesimama. "Sijui, Bosi."

Alirudisha miwani. Akasema Mama anabaki, na kwamba mimi sitafukuzwa, maana itabidi ajifukuze na yeye. "Lakini kamwambie wewe mwenyewe. Mimi siendi. Na usiniulize kwa nini."

Nilimkuta Mama kaunta akipanga funguo. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ripoti. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitundika funguo mbili zilizobaki.

"Siku kumi," alisema. "Unaniamkia, naitikia."

"Ndiyo, Mama."

"Na chapati unapokea."

"Nisamehe, Mama. Bosi amesema unabaki."

"Nimesikia." Alikaa kwenye kiti, akanyoosha goti polepole. "Cherehani yangu nimeiuza juzi. Ada ya wale watoto, nikaona niiuze kabla watu hawajajua nina shida. Wakijua wanakushushia bei."

Nilimwuliza aliyeinunua ni nani.

"Usiniulize," alisema, na akamkaribisha mgeni aliyekuwa ameingia nyuma yangu na begi.

Fedha zilirudi kwenye akaunti wiki tano baadaye, zikiwa zimepungua kwa makato ambayo benki haikunieleza vizuri. Bosi alilibadilisha jina kwenye mashine. Aliyenunua cherehani nilimpata kwa kuulizia sokoni, fundi mmoja wa mtaa wa nyuma, nikaenda kwake na akiba yangu ya miezi mitatu niinunue tena. Alinisikiliza kwa upole. Alisema alikuwa ameshampelekea dada yake Urambo, na kwamba dada yake ameanza kushonea watu sare za shule.